Chambo cha kujitengenezea kinavua, kinachokosekana ni usawa wa uzito

Mhariri,

Siku hizi "zana za kisasa" zikitajwa mbele ya mvuvi wa mshipi hapa Malindi, maana yake ni moja tu: nenda dukani ukanunue. Kijana hununua chambo bandia kimoja kilichotoka ng'ambo, kikakwama mwambani asubuhi ya kwanza, na jioni akarudi zake kwenye chambo cha dagaa akiamini kwamba uvuvi huu ni wa wenye pesa. Mwenzake hujichongea chake, kikaelea ubavu, hakiguswi hata na kolekole mchanga, na baraza zima likakubaliana kwamba cha kujitengenezea hakivui. Sisi tunaovua kwa mshipi baina ya Mayungu na Ngomeni tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako tulipinge hilo, na tueleze ni wapi hasa kazi ya nyumbani huharibika.

Vyambo vinavyouzwa ghali leo vilianza kwa kisu. Mwaka 1936 Lauri Rapala, mvuvi wa Finland, alichonga kisamaki cha kizibo, akakivisha karatasi ya fedha ya chokoleti, kisha akayeyusha filamu za picha zikawa ndiyo vanishi yake. Alikuwa ameona kwamba samaki mlaji huwapita wazima na kumwandama yule anayeyumba, na jitihada yake yote ilikuwa kukipa kile kizibo kuyumba huko. Huku kwetu watu huanza na rangi. Huchora magamba, macho na mapezi, halafu chambo kikitiwa majini hujiviringisha kama gogo.

Wamarekani wamelifikiria jambo hili sana kwa ajili ya besi mdomo mkubwa, samaki wa maji baridi ambaye hapa Kenya aliletwa Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920. Besi huvizia. Hujificha kwenye magugu au kando ya gogo, akaruka mara moja na kumeza. Tewa wetu si wa ukoo wake, lakini tabia yao ni moja: hukaa kwenye tundu la mwamba, haendi mbali, na akishameza hurudi tunduni. Kwa hiyo ufundi wa vyambo vya besi unahamia baharini bila shida, mradi ukumbuke mambo mawili ambayo mvuvi wa ziwani hayamsumbui, yaani chumvi na meno ya nguru.

Chambo rahisi kuliko vyote ni kijiko cha mezani cha stenlesi. Kata mpini kwa msumeno wa chuma, ubaki na bakuli lenye urefu wa sentimita 6 au 7, kisha tupa ipite ukingoni hadi kidole kisikwaruzwe. Toboa tundu la milimita 3 kila ncha, umbali wa milimita 5 kutoka ukingoni. Hapa ndipo wengi huchoma biti zao. Stenlesi haitaki haraka: ipigie alama kwa msumari wa zege, tia tone la mafuta ya kupikia, zungusha drili polepole na ukandamize kwa nguvu. Ukizungusha kasi bila kukandamiza, chuma hupata moto na kuwa kigumu zaidi palepale unapotoboa, na hapo hata biti mpya haitafua dafu. Mshipi hufungwa upande mwembamba wa kijiko na ndoana upande mpana, kila mmoja kwa pete yake. Ukiigeuza hiyo, kijiko huja kimelala kama kipande cha bati.

Kijiko kizuri huyumba kushoto na kulia. Kikizunguka mfululizo kimeharibika, na mshipi wako utajisokota hadi uwe kama kamba ya nazi. Kipinde kidogo kwenye jiliwa, kile kibanio cha fundi, ncha moja iinamie juu na nyingine chini, kisha kijaribu tena kando ya boti. Tia swiveli, ile pete pacha inayojizungusha, mita moja mbele ya kijiko. Kazi yake ni kumeza msokoto mdogo unaobaki. Swiveli haiponyi kijiko kibovu.

Tukifika kwenye chambo cha mti cha juu ya maji, kile kinachorusha maji kwa mdomo, mwembe unatosha kabisa. Ndio mti wa mitumbwi yetu mingi, ni mwepesi, na vipande hupatikana kwa fundi bila malipo. Uwe mkavu: uanike kivulini wiki kadhaa, kwani jua kali huupasua kutoka nje. Mvinje usiushughulikie kwa kazi hii, ni mzito mno. Kata kipande cha sentimita 12 kwa 3, kichonge kiwe kama sigara nene, kisha uso wa mbele uchimbwe kama kikombe kidogo.

Uti wa chambo ni waya mmoja unaopita kutoka kichwani hadi mkiani. Wengi hubana skrubu ya jicho kila upande wakaridhika. Skrubu hizo hushika mwezi mmoja, maji yakishaingia mti hulainika, na kolekole wa kilo 6 hung'oa ya nyuma akaondoka na ndoana. Tumia spoku ya baiskeli ya stenlesi, unene wa milimita 2. Urefu wa sentimita 26 unatosha mwili na macho yote mawili. Ile ya chuma kilichopakwa haifai, maana ukiipinda mpako hupasuka kwenye pindo na chumvi huingia hapohapo. Kutoboa tundu refu la sentimita 12 lililonyooka kwa drili ya mkono karibu haiwezekani, biti hukimbilia upande. Njia ya uhakika ni kupasua kwa msumeno kutoka tumboni hadi katikati ya mwili, kulaza waya ndani, na kujaza ule mkato kwa gundi ya epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao wa mwembe uleule.

Gundi ikishakauka, fikiria uzito. Kipande cha nondo ya milimita 10, urefu wa sentimita 1, kina gramu 6. Chimba tundu tumboni karibu na mkia ukitie humo, lakini usikizibe bado. Ning'iniza ndoana na pete zake zote, kisha uweke chambo kwenye ndoo ya maji ya bahari. Tunasema ya bahari kwa makusudi. Mwili wa ujazo wa sentimita za ujazo 65 hubebwa na maji ya bahari gramu moja na nusu zaidi ya maji ya bomba, na gramu hiyo moja na nusu ni robo ya uzito uliotia. Unachotaka kuona ni mkia chini ya maji na kichwa nje, mwinamo wa nyuzi 45 hivi. Kikilala kama ubao hakitarusha maji, kitateleza tu juu ya mawimbi. Kikisimama wima kama boya kimezidi uzito nyuma, nao mdomo hautakamata maji. Sogeza kile kipande cha nondo mbele au nyuma, hata nusu sentimita, mpaka kikae sawa, ndipo uzibe. Mtu akitumia saa nzima kwenye ndoo na dakika 10 kwenye rangi, amegawa wakati wake vizuri.

Neno kuhusu sifa. Sifa, yaani mafuta ya papa, imelinda mbao za vyombo vyetu tangu enzi za wazee, na wapo wanaoloweka chambo ndani yake. Mti utakingwa kweli, lakini rangi na epoksi havishiki juu ya mafuta. Vitabanduka kama ngozi ya nyoka. Chagua moja. Ukitaka rangi, paka vanishi iliyozimuliwa mara mbili, acha ikauke, kisha rangi nyeupe, kisha mengine upendayo, na juu kabisa epoksi. Ile ya kukauka kwa dakika 5 hugeuka njano juani, heri ya saa 24. Pima sehemu zake mbili kwa mabomba mawili ya sindano, kila moja na lake. Ukikadiria kwa jicho, itabaki inanata hadi kusi inayofuata.

Asiye na mti atumie ndara kuukuu. Sponji yake hainywi maji, na fuo zimejaa. Wenzetu wa Lamu walijengea jahazi la Flipflopi plastiki na ndara zilizookotwa, likashushwa majini mwaka 2018, kwa hiyo hakuna la kuionea haya malighafi hii. Gandisha tabaka mbili kwa gundi ya viatu na waya katikati, zichonge kwa wembe mpya, na malizia kwa msasa. Kasoro yake ni meno: mzia mmoja tu akiuma, unachonga kingine.

Chambo cha kuzama, chenye ulimi wa plastiki mbele, kina hesabu yake. Ulimi ukielekea mbele karibu usawa wa mwili, chambo huzama sana. Ukisimama wima zaidi, hubaki karibu na juu. Mwambani tunahitaji huu wa pili. Ukiona chambo kinakimbilia kushoto, pinda jicho la kufungia mshipi kulia, kidogo sana, upana wa ukucha ni mwingi. Kikiendelea kwenda upande baada ya hapo, ulimi wenyewe umekaa kombo, ung'oe uuweke upya.

Rangi basi. Malindi ina bahari mbili kwa sababu ya Mto Sabaki. Mvua zikinyesha bara, mto hutapika tope jekundu. Wakati wa kusi tope hilo huvutwa upande wa Mambrui, na kaskazi ikivuma huteremka kuelekea mjini. Ndani ya maji ya tope samaki huona kivuli na kusikia mtikisiko, kwa hiyo chambo kiwe cheusi au cheupe na chekundu, na ndani yake tia gololi mbili za beringi ya baiskeli zilie. Nje ya mstari wa tope, maji yanapokuwa ya buluu, fedha na samawati zinatosha, na kelele ni bora uiache. Pale penye mpaka wenyewe, ambapo membe huzamia, pitisha chambo sambamba na mstari, usiukate.

Sasa chubwi, ule uzito wa kuzamishia mshipi. Tunaomba kwa dhati kabisa watu waache kuyeyusha betri za magari uani. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327, tone moja la maji likiingia humo hugeuka mvuke ghafla na kuirusha usoni, na vumbi lake hukaa kwenye mchanga ambao watoto huchezea. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliumizwa na risasi iliyotokana na kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Afya yao fidia haiwezi kuirudisha. Na mvuvi wa mshipi hana haja ya risasi, kwa sababu kila nyumba inayojengwa Malindi huacha vipande vya nondo. Nondo ya milimita 12 ina gramu 888 kwa mita moja, hivyo sentimita 10 ni gramu 89. Ya milimita 10 ina gramu 617 kwa mita. Sentimita 10 ni gramu 62. Huhitaji mizani, rula inatosha. Kwa uzito uleule, ujazo wa nondo ni mara moja na nusu kasoro kidogo ya ule wa risasi, kwa hiyo huzama taratibu zaidi kwenye mkondo. Ongeza sentimita 2 au 3 maji yakiwa ya bamvua. Usihangaike kuitoboa. Zungushia waya kwenye zile mbavu zake, hautateleza.

Chubwi lifungwe kwa mshipi mwembamba kuliko mshipi mkuu. Kamba hukatika pabovu, na hapa pabovu tunapachagua wenyewe: likikwama mwambani, unapoteza kipande cha nondo, chambo na ndoana vinarudi.

Vitu tunavyosihi vinunuliwe, na vinunuliwe vizuri, ni vitatu: ndoana, swiveli na waya. Ndoana ijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba. Ikiteleza ni butu, inolewe kwa tupa ndogo kuelekea ncha. Ikikwama papo hapo ni tayari. Kwenye mtumbwi tunapendelea ndoana moja moja kuliko ya meno matatu. Hainasi sana mwambani, humtoka kirahisi samaki mdogo unayemrudisha, na chombo kikiyumba haikushiki paja. Ujue pia kwamba ndoana ya chuma cha kawaida ikining'inia kwenye kijiko cha stenlesi ndani ya maji ya chumvi, inayoliwa na kutu ni ndoana. Ukitoka baharini zitenganishe, zisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, zikauke. Zikibaki zimeshikana ndani ya kopo lenye unyevu, zitaliwa kopo likiwa limefungwa.

Waya ni kwa nguru na mzia, unene wa nusu milimita, urefu wa sentimita 30 hadi 40. Kwa tewa na kolekole hauhitajiki. Nailoni ya milimita 0.8 au 1 itavumilia mwamba vizuri zaidi. Fundo la waya ndilo linalopoteza samaki wengi kuliko kitu kingine chochote tulichokitaja. Watu huzungusha ncha juu ya waya ulionyooka, kama kufunga mzigo. Fundo la namna hiyo hukaza, samaki akivuta hupanuka, akivuta tena huchomoka. Inatakiwa nyaya zote mbili zizungukane, kila moja ikimpita mwenzake kama herufi X, mizunguko minne. Zishike mbali mbali tangu mwanzo, pembe ikiwa pana, la sivyo moja itanyooka na nyingine kumzunguka. Ndipo ufuate mizunguko mitano ya kubana, iliyolala sako kwa bako. Ncha iliyobaki usiikate kwa plaisi, kwani itaacha mwiba utakaokuchana kiganja siku utakaposhika waya wenye samaki. Ipinde ncha hiyo iwe kama mpini mdogo, izungushe mbele na nyuma, itakatika yenyewe ikiwa laini. Na mafundo ya nailoni yalowesheni mate kabla ya kukaza. Yakikazwa makavu, msuguano huyapa moto na nguvu hupotea.

Chombo nacho kina sehemu yake. Kwa mtumbwi au dau la mita 5 au 6 hatusemi mashine kubwa wala vifaa vya umeme. Kishikio cha fimbo ni paipu ya PVC ya milimita 50, urefu wa sentimita 30. Kata mfereji wa upana wa milimita 20 na kina cha sentimita 6 mdomoni ili mguu wa rili ukae humo na fimbo isizunguke. Mdomo upanue kwa kuupasha moto juu ya makaa na kuubana kwenye shingo la chupa. Fanya hivyo nje, upepo ukiwa mgongoni, na paipu isiguse makaa: PVC ikiungua moshi wake ni sumu. Ifunge ubavuni kwa bolti na washa pana, misumari hulegea kwa mtikisiko. Iwe mbele ya mkaaji, umbali wa mkono, imelala nje kidogo. Wengi huiweka nyuma yao kwa kuwa hapo haisumbui kasia, na samaki mkubwa akishika wanalazimika kugeuka kiwiliwili kizima kwenye chombo chembamba. Mitumbwi hupinduka hivyo.

Anayerambaza, yaani anayekokota chambo nyuma ya chombo, kwa mshipi wa mkono asiufunge mguuni wala kidoleni, hata kwa dakika moja. Funga pindo la mpira wa tyubu ya baiskeli, sentimita 30, kwenye ubao wa kukalia, na mshipi uunganishwe nao. Mpira hupokea pigo la kwanza, ambalo ndilo hukata mshipi au kunyoosha ndoana. Mwisho kabisa wa mshipi uwe na dumu la lita 20 lililofungwa kifuniko. Akija samaki asiyezuilika, tupa dumu. Ili alizamishe inabidi avute karibu kilo 20, na atachoka kabla yako.

Mwendo unapimika bila simu wala setilaiti. Dondosha kumbi la nazi kwenye omo, mbele ya chombo, hesabu sekunde mpaka lifike tezi, nyuma yake. Chombo cha mita 6 kikilipita kwa sekunde 4 unakwenda noti 3, mwendo wa kijiko. Sekunde 3 ni noti 4. Sekunde 2 ni karibu noti 6, mwendo wa nguru, na kijiko hapo kitaanza kuzunguka badala ya kuyumba. Hesabu mara tatu, chukua ya kati.

Ndoana zisizotumika zichomekwe kwenye kipande cha ndara kilichogongomewa ubavuni, zisilale ngamani. Upo wa kukombea maji ufungwe kwa kamba. Jaketi okozi livaliwe, lisikaliwe. Na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa tangu 1968, hakuna kuvua kwa namna yoyote, chambo kiwe cha nyumbani au cha dukani. Asiyejua mipaka aulize BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, ya bandari yake kabla ya kushusha chombo.

Kama gazeti lina nafasi, Mhariri, tuko tayari kuleta mchoro wa kile chambo cha mwembe kwa kipimo chake halisi, sentimita 12 kwa 3, ukionyesha mkato wa waya na mahali pa nondo. Tunaomba uchapwe bila kupunguzwa wala kukuzwa, ili msomaji aukate kwa mkasi na kuulaza juu ya ubao.

Wavuvi wa mshipi,
Malindi